Tunawaandikia Wagonjwa Kutembea, Je, Njia Ipo?



Katika kliniki yetu ya presha na kisukari kuna neno moja ambalo nimelisema mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Neno hilo ni "tembea". Nampima mgonjwa, naandika kwenye kadi yake, nampa vidonge, halafu namwambia: "Na ujitahidi kutembea, walau nusu saa kila siku." Mgonjwa huitikia, "Sawa, Sista," akaenda zake. Mwezi unaofuata anarudi na presha ni ile ile.

Siku moja mzee mmoja, fundi cherehani, hakuitikia. Aliniuliza, "Sista, nitembee wapi?" Nilicheka kidogo nikidhani ananitania, kumbe hatanii. Nyumba yake iko ukingoni mwa barabara kuu. Malori yanapita karibu kumgusa mtu bega, na pembeni hapana hata hatua moja ya mwenda kwa miguu. Nyuma ya nyumba ni mtaro na kuta za majirani. Akasema, "Nikitembea barabarani haitaniua presha, litaniua lori." Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu ajitahidi.

Jibu la swali lake nililipata mbali sana, tena mahali ambapo sikwenda kulitafuta: katika vilima vya chaki vya Uingereza na misitu yake ya kale. Leo naomba nikusimulie niliyoyaona huko, maana yamenibadilisha mawazo. Zamani niliamini kwamba mgonjwa asiyetembea ni mvivu. Siku hizi naamini kwamba kumwandikia mtu kutembea bila kuuliza njia iko wapi ni sawa na kumwandikia dawa isiyokuwepo dukani.

VILIMA VILIVYOZALIWA BAHARINI

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa miezi mitatu, kwa mafunzo mafupi ya kuhudumia wagonjwa wa kisukari. Mwenyeji wangu alikuwa mwuguzi mstaafu, mjane mwenye umri wa miaka sabini na miwili. Mimi nilimwita Mama, naye akazoea upesi. Jumamosi moja ya mwezi Mei aliniambia nivae viatu vizito. Tulipanda treni katika stesheni ya Marylebone, London, na baada ya muda usiofika saa moja tukashuka katika mji mdogo uitwao Wendover, chini ya vilima vya Chilterns.

Msomaji uliyezoea Uluguru au safu ya Livingstone, usitegemee milima. Sehemu ya juu kabisa ya Chilterns ina meta 267 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini ukikwaruza udongo kwa kisigino utaona ajabu: chini ni kweupe pe. Ni mwamba wa chaki. Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, hapo palikuwa bahari. Viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho vilikufa, maganda yao ya chokaa yakazama na kulundikana kwa mamilioni ya miaka mpaka yakawa mwamba. Baadaye ardhi ikainuka. Mwamba wa namna hiyo hiyo ndio unaofanya vilima vya North Downs na South Downs, kusini ya London, na magenge meupe ya Dover.

Kwa mwenda kwa miguu jambo hili lina maana kubwa. Chaki hunyonya maji kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji mengi huzama chini badala ya kutuama. Ndiyo sababu migongo ya vilima hivi ilipitika tangu kale, wakati mabonde yalikuwa matope matupu. Njia iitwayo Ridgeway, inayopita hapo Wendover, imeunganishwa kutokana na njia za namna hiyo, ambazo watu na mifugo walizitumia kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1973 ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya taifa ya watembeaji. Inaanzia Overton Hill, karibu na Avebury, hadi Ivinghoe Beacon, urefu wa kilometa 139. Huwezi kupotea ukifuata nguzo zake zenye alama ya tunda la mwaloni.

Iko nyingine katika vilima vya North Downs, iliyofunguliwa mwaka 1978, inayokwenda Farnham hadi Dover, na tawi lake moja linapita Canterbury. Huko ndiko mahujaji walikokwenda kuomba kwenye kaburi la Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Jina la "Njia ya Mahujaji" kwa vilima hivyo lilienezwa zaidi katika karne ya 19, na wanahistoria hawakubaliani ni wangapi hasa waliipitia. Lakini hakuna anayebisha kwamba watu walikwenda Canterbury kwa miguu yao, wagonjwa miongoni mwao, wakitafuta uzima.

"MAMA, TUNAPITA SHAMBANI KWA MTU?"

Turudi Wendover. Tulipanda taratibu hadi Coombe Hill, ambapo pana mnara uliojengwa mwaka 1904 kwa kumbukumbu ya askari wa wilaya ile waliokufa katika vita vya Makaburu. Mama alipanda kwa mwendo mmoja tu, bila kutweta. Mimi, niliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, nilisimama mara tatu nikijifanya natazama mandhari.

Mbele kidogo njia yetu ilikata katikati ya shamba kubwa la ngano changa. Sikusema kandokando. Nasema katikati, kama mtu aliyepitisha rula. Nilisita. Nimekulia kijijini, najua maana ya kukanyaga shamba la mtu. Nikamwuliza, "Mama, tunapita shambani kwa mtu?"

Akanionyesha nguzo fupi yenye mshale wa manjano. Akanieleza kwamba shamba ni la mkulima, lakini njia ni ya watu wote. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokata shamba ikiwa hana namna nyingine, ila kwa sheria ya mwaka 1990 lazima airudishe katika muda wa siku 14 tangu alipoivuruga mara ya kwanza kwa ajili ya zao hilo, na aiache ionekane wazi, upana usiopungua meta moja. Asipofanya hivyo, halmashauri inaweza kumchukulia hatua. Mshale wa manjano ni njia ya waenda kwa miguu, na wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia huruhusiwa.

Tukaendelea. Baada ya muda tulivuka barabara moja nzuri yenye lango na kamera za ulinzi. Niliuliza ni kwa nani. Mama akanijibu bila hata kupunguza mwendo kwamba ni njia ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu wa Uingereza tangu mwaka 1921. Ridgeway inakatiza njia ya gari ya waziri mkuu! Mwuguzi mstaafu na mgeni wake kutoka Afrika wakapita hapo, viatu vimejaa chaki, na hakuna aliyewauliza kitu.

Msomaji, nilivuka ile barabara nikimkumbuka yule fundi cherehani.

HAZIKUJA ZENYEWE

Usidhani Waingereza walizaliwa na njia hizi mkononi. Kwa karne nyingi matajiri walizungushia ardhi ua na kuwafukuza watu. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani Manchester, waliingia kwa makusudi katika mlima Kinder Scout, ambao si wa chaki na uko mbali kaskazini, ili kudai haki ya kutembea. Watano walifungwa jela. Mwaka 1935 kikaundwa chama cha watembeaji, ambacho leo kinaitwa Ramblers. Ndipo mwaka 1949 Bunge likapitisha sheria iliyozitaka halmashauri kuandika njia zote za watu wa miguu katika ramani rasmi. Njia ikishaandikwa humo, haifi kwa sababu tu haijatumika. Leo Uingereza na Wales zina njia za namna hiyo za jumla ya kilometa zipatazo 225,000.

Hata hivyo vita havijaisha. Sheria ya mwaka 2000, ambayo ilifungua maeneo mengi kwa watembeaji, iliweka pia ukomo: njia za kale zisizokuwemo katika ramani hadi mwanzo wa mwaka 2026 zingeweza kupoteza haki yake. Mwaka 2020 wanachama wa Ramblers walikaa na ramani za zamani wakilinganisha mstari kwa mstari, wakagundua zaidi ya kilometa 78,000 za njia ambazo huenda ziliachwa. Mwaka 2023 ukomo ulisogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali ikatangaza nia ya kuufuta kabisa. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Hata katika nchi yenye sheria nzuri, njia inabaki wazi kwa sababu kuna mtu anayeisimamia.

Chilterns wenyewe wana chama chao, Chiltern Society, kilichoanzishwa mwaka 1965. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, hufyeka miiba, husimamisha nguzo zilizoanguka, na huondoa zile ngazi za kurukia ua na kuweka malango madogo badala yake, ili mwenye magoti mabovu apite. Mimi kama mwuguzi nasema kila lango la namna hiyo ni kifaa cha tiba, kama ilivyo mikongojo tunayogawa wodini.

NDANI YA MSITU WA KALE

Baada ya shamba tuliingia msituni. Waingereza huita msitu "wa kale" ikiwa mahali hapo pamekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Misitu ya namna hiyo imebaki kwenye sehemu ndogo tu ya nchi yao, kama asilimia mbili na nusu ya ardhi. Chilterns wana bahati ya kuwa nayo mingi. Mti wake mkuu ni ule wanaouita biichi, wenye gome laini la kijivu kama ngozi ya tembo na majani mapya yanayopitisha mwanga. Chini yake, mwezi Mei, ardhi yote hufunikwa na maua ya buluu yenye umbo la kengele. Nikanyamaza. Hata Mama, ambaye hupenda kuongea, alinyamaza.

Nilidhani msitu ule ulipona kwa sababu watu hawakuugusa. Sivyo. Ulipona kwa sababu watu waliuhitaji. Katika karne ya 19 mafundi walikaa humo wakichonga miguu ya viti kwa miti ya biichi na kuipeleka mji wa High Wycombe, uliosifika kwa viti. Waliukata kwa zamu na kuuacha uote tena. Mahali pengine ilibidi kuunusuru kwa fedha: mwaka 1880 Jiji la London lilinunua msitu wa Burnham Beeches, magharibi ya London, kwa ajili ya watu kupumzika, na hadi leo uko wazi.

Misitu hii nayo inaugua. Tangu mwaka 2012 imethibitika kwamba ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya jamii ya mwashi umeingia Uingereza, na mwashi ni mti unaopenda udongo wa chaki. Mama alinionyesha miti mirefu iliyokauka matawi ya juu, imepigwa alama ya rangi ikisubiri kukatwa isije ikaangukia wapita njia. "Nimetembea chini ya hii tangu ninyonyeshe," akasema.

JE, NI DAWA KWELI?

Sasa niseme kama mhudumu wa afya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kitako siku nzima, walipata magonjwa ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima. Kazi ni moja, basi ni moja, tofauti ni miguu. Hapo ndipo elimu yetu ya mazoezi ilipoanza kupata msingi imara. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, na kutembea kwa haraka kunatosha. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuongea, usiweze kuimba.

Mwaka 2019 ulitolewa utafiti wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Wale waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika maeneo ya miti na majani walisema zaidi kuwa wana afya njema na raha ya moyo kuliko wale ambao hawakwenda kabisa. Tusilipake jambo hili sukari, kwani huenda pia mwenye afya ndiye anayetoka nje. Lakini ninajua nilichokiona.

Na kuna habari iliyonigusa zaidi ya tafiti zote. Katika kijiji cha Sonning Common, kwenye ukingo wa kusini wa vilima hivi vya Chilterns, alikuwapo daktari aitwaye William Bird. Naye alikuwa akiwaambia wagonjwa wake watembee, kama mimi. Mwaka 1995 alikwenda hatua moja mbele. Alianzisha matembezi ya pamoja katika njia za mashambani na misituni zilizozunguka kijiji, yakiongozwa na watu wa kujitolea. Mgonjwa hakuambiwa tu "tembea". Aliambiwa njoo siku fulani, saa fulani, njia ni hii, na mwenzako huyu hapa. Mpango huo ulienea, na mwaka 2000 ukazaa mpango wa nchi nzima.

Unaona tofauti yake na yangu? Mimi nilitoa agizo. Yeye alitoa njia, saa na mwenzi. Mama mwenyewe aliniambia, tukiwa tumekaa juu ya gogo tukila mkate, kwamba mumewe alipofariki alikaa ndani miezi minne, pazia zimefungwa. Daktari alimpa vidonge vya usingizi. Kilichomtoa ndani ni jirani aliyegonga mlango Jumatano moja akasema, "Tunakwenda msituni, vaa viatu." Hakumwuliza anajisikiaje. Kila Jumatano aligonga. "Vidonge vilinilaza," akasema Mama, "njia ikaniamsha."

WENGINE WATAPINGA

Najua yatakayosemwa. Kwanza: "Sista, sisi Waafrika twatembea tangu kuzaliwa. Mama zetu hutembea kilometa nyingi na ndoo kichwani." Ni kweli, na sipendi kumsifia mwenye ndoo kichwani adhabu yake. Lakini wanaokuja katika kliniki ya presha si hao peke yao. Ni mafundi, walimu, madereva, wafanyabiashara wa duka. Hao wameketi, na njia za zamani walizopita baba zao zimejengewa kuta.

Pili: "Hayo ni ya matajiri." Kuna ukweli humo. Hata Uingereza kwenyewe, asiye na gari na asiye na nauli ya treni haoni vilima vile. Siku ile nzima sikukutana na uso mwingine mweusi kama wangu, na mama mmoja mwenye mbwa alinitazama mara mbili kabla ya kunisalimu. Wapo ndugu zetu wengi kule, wauguzi na walezi wa wazee, wanaofanya zamu za usiku kisha kulala mchana katika chumba kimoja mjini. Wengi hawajui kwamba ule mshale wa manjano unawahusu. Basi, ewe mzazi mwenye mtoto kule, mwambie: haki ya njia ni ya kila mtu, haiulizi pasipoti wala haitozi kiingilio.

Tatu: "Kutenga njia ni kazi ya serikali, si ya hospitali." Nakubali kwamba sheria ni ya serikali. Lakini njia ya Sonning Common ilikuwepo miaka yote, na wagonjwa walikuwepo miaka yote. Ilibidi mtu wa hospitali aviunganishe.

MASHAURI KWA ANAYEKWENDA

Kwa mwenye safari ya huko, au mwenye ndugu huko, mashauri yangu ni haya:

1. Vaa viatu vyenye meno. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni.

2. Mwenye kisukari achukue kitu cha sukari mfukoni, na jioni akague miguu yake yote miwili, hata katikati ya vidole. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta.

3. Jihadhari na kupe. Katika nyasi ndefu na misitu wapo wadogo kama punje ya ufuta, na baadhi yao hueneza ugonjwa uitwao Lyme. Vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Ukimkuta kupe, mshike karibu na ngozi kwa kibano chembamba, umvute moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala usimpake mafuta. Ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umtajie kupe. Dawa ipo na hutibu.

4. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, zunguka mbali. Ukiwa na mbwa nao wakakufuata, mwachilie mbwa akimbie, wewe jiokoe.

5. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi.

6. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kusiko kwa kawaida, simama, kaa chini, omba msaada. Kilima kitakungoja siku nyingine.

UA WETU WENYEWE

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule fundi cherehani. Nilitaka kumpa jibu, lakini kwanza nilizunguka eneo letu nikitazama kwa macho mapya. Nyuma ya wodi ya wazazi kuna mikaratusi na miembe ya zamani, na chini ya miembe kuna kijia kinachoteremka hadi mtoni kisha kuzunguka na kutokea upande wa shule. Wazee waliniambia kwamba zamani watu wote walipita hapo. Kwa nini hakipitiki siku hizi? Nilifuata kijia mpaka nikagonga senyenge. Ilikuwa senyenge yetu sisi, ya hospitali. Tuliiweka miaka kumi na miwili iliyopita kwa sababu ya wizi wa mashuka. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kikao kilichokubali.

Yaani kwa miaka kumi na miwili nimewaambia watu watembee, huku nimeshika upande mmoja wa waya uliofunga njia yao.

Nilipeleka ombi. Lilichukua muda, kulikuwa na mabishano juu ya mlinzi na ufunguo. Sasa pana lango dogo, linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili. Alhamisi mimi au mwenzangu mmoja husimama hapo, na anayekuja tunakwenda naye. Siku ya kwanza walikuja watatu. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Vidonge vyake hatujavipunguza, na sisemi kwamba amepona. Ila mwezi uliopita alipofika kliniki hakungoja nimwambie neno langu. Alisema, "Sista, lile daraja la gogo limeoza, mtu ataanguka. Nani wa kulitengeneza?"

Hilo ndilo swali la watu wenye njia. Wewe msomaji, kabla hujamwambia mgonjwa wako, mama yako au mumeo atembee, toka nje utazame. Njia ipo? Kama imefungwa, aliyeifunga ni nani? Huenda ni wewe.

Tuonane mwezi ujao.